Nasikia, Daktari

Mama yangu anaitwa Hildegardi, na watu wa Chiwanda husema akiita mtu ufukweni, hata walio upande wa Msumbiji wanageuka. Wanamtania, lakini si sana. Anaongea kwa sauti kubwa kwa sababu sikio lake la kushoto lilianza kutoa usaha akiwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi, na halikuwahi kukauka sawasawa. Mvua zikija linatoa, kiangazi linatulia, mwaka unapita. Alishalizoea. Anatia kipande cha pamba, anajifunga kitenge kichwani, anabeba ndoo zake na kuingia kazini.

Kazi yenyewe ni kununua dagaa wabichi mitumbwi inapofika, kuwaanika kwenye vichanja, kisha kuwapandisha huku Mbinga kwa Wamatengo, wenye kahawa na mahindi lakini kitoweo cha ziwani hawana. Nilikuwa namsaidia kupima na kufungasha. Ndivyo nilivyompata Erasmo, fundi wa mashine za kukoboa kahawa, kijana wa Mkumbi, mpole mpaka anakera. Alinunua dagaa wetu mwaka mzima, na baadaye nikagundua kwao hawali dagaa.

Sasa lazima nieleze habari ya ukwe, maana bila hiyo hakuna atakayenielewa. Kwa mama yangu, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Hawakai chumba kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na habari za mwili wa mama mkwe hazitajwi mbele yake hata kwa mafumbo. Vijana wa siku hizi wengi wameyaacha haya. Mama hajayaacha, na Erasmo, kwa ule upole wake, anayafuata kuliko hata alivyoambiwa.

Nilipojifungua kwa operesheni mwezi wa tatu, mama alipanda kuja kunilea. Nyumba ni ya Erasmo, lakini ungemwona ungedhani ni mgeni aliyekosea mlango. Anakohoa tangu getini ili mama apate nafasi ya kukimbilia jikoni. Mama anasema, "Luisa, mwambie baba chakula tayari," na huyo baba yuko nyuma ya pazia, amesikia kila kitu. Naye anajibu, "Mwambie mama asante." Mimi na mshono wangu tumboni nikawa mnara wa simu ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mambo yalianza kuharibika siku mama alipokuwa anamwogesha mtoto. Nilimwona anayumba. Alishika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, beseni likapinduka, na mtoto akabaki kwenye mkono wa pili, analia. Mama alisema sakafu inateleza. Sakafu ilikuwa kavu, maji yalikuwa ndiyo kwanza yanamwagika. Nilimpokea mtoto, na kwa mara ya kwanza nikaisikia harufu ya kile kitenge chake. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza.

Akaniomba nimkamulie maziwa kidogo kwenye kijiko atie sikioni, kama bibi alivyokuwa akimfanyia zamani. Nilikasirika. Nilimwambia haya maziwa yana mwenyewe, na mwenyewe nusura aangushwe chini leo. Kisha nikamkamulia, kwa sababu ni mama. Hayakusaidia kitu.

Kwenye kituo cha afya walimpa dawa ya matone na vidonge, wakamwambia daktari bingwa wa masikio yuko hospitali moja Songea, ila siku hizi wagonjwa wa huku anaanza kuwaona kwa simu ya video. Anayehitaji kufika anaitwa, asiyehitaji haamki alfajiri kufuata gari. Mama alifurahia habari hiyo kuliko dawa. Hospitali kubwa anaiogopa. Dada yake alipelekwa na homa akarudi kwenye jeneza. Tena hakutaka kuniacha na kidonda na mtoto mchanga. Hata mimi nilifurahi, sitaficha. Nilimhitaji nyumbani.

Siku ya simu ilipofika, kioo cha simu yangu kilikuwa kimepasuka, ikabidi itumike ya Erasmo, na mtandao kwetu haukamatiki vizuri mpaka utoke uani, karibu na jiko. Mimi sikuweza kusimama muda mrefu. Nilikaa kitandani dirishani, mtoto ananyonya, nikiwatazama. Mama alikaa kwenye kigoda, amejifunga vitenge viwili badala ya kimoja, kwa sababu mkwe yupo. Erasmo alisimama amempa mgongo, uso kauelekeza ukutani, mkono ulioshika simu kaunyoosha nyuma kama anapokea mzigo asioutaka.

"Shikamoo, mama," ilisema simu. "Mimi ni Daktari Hamphrey."

"Marahaba, baba. Poleni na kazi."

"Asante. Nimeambiwa masikio yanakusumbua. Tuanze na la kushoto. La kushoto unasikia?"

"Nasikia, daktari. Nasikia sana."

"Vizuri. Na la kulia?"

"La kulia sisikii kitu."

"Kabisa?"

"Kabisa, baba. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia chochote huko."

Nilikuwa dirishani, nilisikia kila neno, na sikuona kosa. Kwetu mtu anasikia njaa, anasikia baridi, anasikia harufu. Sikio lake likimchoma kama moto atakwambia analisikia, na lisilo na shida atakwambia hasikii kitu. Mama alikuwa anaeleza maumivu yake vizuri kabisa. Daktari naye alikuwa anaandika habari za mtu mwingine, mwenye sikio zima la kushoto na la kulia lililozaliwa kiziwi.

"Kuna linalotoa maji au usaha?" aliuliza.

Mama alimtazama Erasmo mgongoni. Usaha, mbele ya mkwe.

"Hapana," alisema.

"Kizunguzungu?"

"Ni uchovu tu, baba. Nalea."

"Haya, funua kitambaa kidogo nione. Na wewe unayeshika simu, isogeze karibu."

Erasmo aliisogeza kwa kubahatisha. Mama alifunua upande mmoja, haraka, na upande aliofunua ulikuwa wa kulia, uliokuwa safi. Wa kushoto ulikuwa na pamba iliyolowa, na pamba hiyo asingeionyesha pale hata angeambiwa anakufa.

"Halina uvimbe, ni kavu," alisema daktari. "Basi mama, hilo la kulia tutalipima usikivu kliniki itakapokuja Mbinga mwezi wa sita. La kushoto sina wasiwasi nalo. Endelea na dawa ulizopewa."

Nilijiuliza kwa nini wapime lililo zima. Nikajijibu kwamba madaktari wana taratibu zao, labda wanaanza na zima ndipo walilinganishe na bovu. Mtoto alianza kulia, Erasmo akashukuru kwa niaba ya wote, simu ikakatwa.

Kuanzia hapo neno la daktari likawa ngao. Nikisema, mama, mbona hujala, ananijibu daktari kasema hana wasiwasi. Nikisema mwili una joto, daktari kasema hana wasiwasi. Nikitaka kulitazama sikio, anasimama na kwenda kufua. Alikuwa anafua akishikilia kamba ya kuanikia nguo, na alidhani sioni. Nilianza kumkataza kumbeba mtoto, kwa visingizio. Kila nilipobuni kisingizio aliniangalia kwa namna iliyoniumiza, kwa sababu alijua. Mtu aliyepanda milima kuja kulea mjukuu, halafu ananyimwa mjukuu. Hata hivyo sikumpa.

Asubuhi moja alikuwa anakunywa chai, na chai ikamtoka pembeni mwa mdomo. Aliifuta kwa ncha ya kitenge, akanywa tena, ikatoka tena, upande uleule wa kushoto. Tukatazamana. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja.

Sikumwomba ruhusa. Nilikivua kitenge kwa nguvu, naye akanipiga mkono, na tukawa tunavutana pale mezani, mimi mzazi na yeye mgonjwa, mpaka kikafunguka. Sikio lilikuwa limesukumwa mbele, limesimama. Nyuma yake palikuwa na uvimbe mwekundu umeumuka kama andazi. Niliugusa kidogo tu, akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake, hata siku tuliyomzika baba.

Nilipiga namba ya daktari tuliyopewa kituo cha afya. Haikupokelewa. Nilipiga tena na tena, nikiwa na hasira na kila mtu, na simu, na mvua iliyokuwa inanyesha, na Erasmo aliyekuwa kazini bila kosa lolote. Hatimaye ikapokelewa.

"Daktari, mimi ni Luisa wa Mbinga, mtoto wa Mama Hildegardi. Sikio la kushoto la mama limevimba nyuma."

"La kushoto?" Nilisikia anapekua. "La kushoto si alisema anasikia vizuri?"

"Anasikia maumivu, daktari."

Nilimsikia anapekua tena, haraka.

"La kulia je?" aliuliza taratibu. "Alisema hasikii kitu."

"Haliumi. Ndilo analosikilizia. Na hili bovu linatoa usaha tangu utotoni."

Alitaja jina la Mungu kwa sauti ya chini. Kisha akaniambia nimwambie mama afumbe macho yote mawili. Nilimwambia. Jicho la kulia lilifumba. La kushoto lilibaki wazi kidogo, jeupe, na hilo jeupe liliniogopesha kuliko uvimbe. Nilimwambia daktari nilichokiona.

"Mleteni leo," alisema. "Si kesho. Usaha umeingia kwenye mfupa, na ubongo uko jirani. Na tafadhali, mwambie anayemleta asinipigie njiani kuniuliza kitu. Nataka nimwone kwa macho yangu."

Nani ampeleke? Mimi nilikuwa na mshono ambao haujafunga na mtoto mchanga. Ndugu wa mama wako Chiwanda, na mvua ile ilikuwa imekata barabara ya huko. Alibaki Erasmo. Mama aliposikia, alisema atasubiri mpaka nipone mimi. Nilimwambia akisubiri nitamzika. Nilisema hivyohivyo, wala sikulainisha. Akaingia ndani akavaa.

Ismail, mwenye duka la nguo karibu na stendi, alifunga duka lake akatoa gari. Yeye ni mtu wa asili ya pwani, anaswali, hana maneno mengi, na mama humuuzia dagaa kila wiki. Alimwamkia mama shikamoo, akafungua mlango wa nyuma. Mama akakaa nyuma, akajibana kwenye mlango wa kulia. Erasmo alitaka kukaa mbele na Ismail. Nilimshika shati. Nikamwambia, "Ukikaa mbele na yeye akianguka huko nyuma, usirudi hapa." Akakaa nyuma, amebana mlango wa pili, katikati wameacha nafasi ya watu wawili.

Yaliyotokea njiani niliyapata baadaye kwa Ismail, maana wao wawili hawakuwa tayari kuyasema. Mvua ilikuwa nzito, milima imefunikwa na ukungu, anaendesha taa zikiwaka mchana. Kila kona mama alifumba jicho lake moja na kushika kiti cha mbele. Alitapika kwenye mfuko, akaomba radhi kwa Ismail, hakumwomba Erasmo. Walipofika nusu ya safari mkono ulilegea kwenye kiti. Kichwa kikaanza kugonga kioo kila gari liliporuka, upande wa sikio zima. Ismail alimtazama Erasmo kwenye kioo chake. Erasmo alikuwa anatazama nje, machozi yanamtoka. Ismail akasema, bila kugeuka, "Ndugu yangu, mimi naendesha. Huyo mama hana mwingine humu."

Erasmo akasogea ile nafasi ya watu wawili, akakiegemeza kichwa cha mama begani kwake kwa paji la uso, asiguse ule uvimbe. Mama alijaribu kujiondoa mara moja, kisha hakujaribu tena. Erasmo hakutikisika mpaka Songea.

Mimi huku nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na mtandao ulikuwa umeondoka na mvua. Nilitembea uani na mtoto, ingawa nilikatazwa kutembea. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nimekasirika kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Daktari aliuliza vizuri. Mama alijibu vizuri. Erasmo alishika adabu. Na kwa uzuri huo wote, mama alikuwa anakufa.

Daktari Hamphrey hakuuliza swali lolote walipofika. Alimvua mama vitenge vyote viwili, akaitoa pamba, akavuta kiti karibu na kuwasha taa ya kichwani. Harufu ilijaa chumba. Alisema lazima afyonze ule usaha kwanza ndipo aone, na mgonjwa asitikisike hata kidogo. Muuguzi alikuwa ameshika mirija.

"Baba, mshike mama yako kichwa," alimwambia Erasmo.

"Ni mama mkwe, daktari."

Daktari alimtazama. Erasmo anasema hapo ndipo daktari alipoelewa ile simu yote, mkono wa nyuma na upande uliofunuliwa.

"Mshike," alisema.

Erasmo alimshika, mikono yote miwili, na kufumba macho. Mama alilia wakati wote. Daktari alidhani ni maumivu, akawa anampa pole. Erasmo alijua si maumivu peke yake.

Walimpasua asubuhi iliyofuata. Usaha ulikuwa umekula mfupa nyuma ya sikio, ukabakiza ukuta mwembamba tu kuelekea kwenye ubongo. Mama alipona. Mdomo ulianza kurudi taratibu, jicho likajifunza kufumba. Lakini wodini, kila Erasmo alipomletea uji, mama alijifunika shuka usoni. Erasmo anaacha kikombe kwenye kabati na kuondoka. Kwa siku zote alizolazwa hawakusemezana neno, na alipomrudisha Mbinga alimrudisha hivyohivyo, mama kalala kiti cha nyuma, yeye mbele.

Walirudi Songea kutoa nyuzi na kusafisha kidonda. Baada ya hapo Daktari Hamphrey akasema kovu sasa anaweza kuliangalia kwa simu, ili mama asisumbuke na milima. Nilisita. Nilishaapa kwamba simu haitaingia tena kwenye sikio la mtu wa ukoo wangu. Akanieleza kwamba sikio asilolijua lazima alione mwenyewe kwa taa yake, ila hili sasa analijua kuliko anavyolijua lake. Nikakubali.

Siku hiyo nilikuwa nimeshapona, nasimama vizuri, na kioo changu kilishatengenezwa. Nilitoka uani na simu mkononi. Mama alikuwa kwenye kigoda. Akanitazama, akaniambia, "Mpe baba."

Erasmo alikuwa mlangoni, tayari anaondoka. Nilimpa simu. Akageuka kumpa mama mgongo kama kawaida yake. Mama akavua kitenge, chote, akakiweka magotini. Nywele zilikuwa zimenyolewa upande mmoja, na kovu limepinda kutoka juu ya sikio hadi shingoni.

"Baba," alisema mama. Hakusema nami. "Geuka uangalie unachomwonyesha."

Erasmo akageuka. Alichelewa kuinua macho, kisha akayainua. Safari hii simu aliishika mahali pake, na daktari akaona kovu, akaona nyuma ya sikio, akaona mdomo. Aliridhika. Kisha akasema anataka kujua jambo moja zaidi, na hataliuliza kwa mdomo.

"Mama, ziba sikio la kulia kwa kidole, ulizibe sawasawa, na ufumbe macho. Baba, simama upande wa kushoto, karibu, useme neno lolote kwa sauti ya kawaida. Mama, ukipata maneno yake, uyarudie."

Mama akaziba, akafumba macho. Erasmo akanipa simu. Alisimama kando ya lile kovu, hajui aseme nini, maana tangu anioe hakuwahi kumwambia mama neno lisilopita kwangu. Akainama.

"Mama," alisema, "ndani ya lile gari nilidhani unanifia mikononi. Niliogopa sana, mama yangu."

Nilisikia. Daktari alisikia. Mama alikaa vilevile, kidole sikioni, uso umetulia, anangoja.

"Mbona hasemi?" aliuliza.

Erasmo akazunguka akaenda upande wa kulia, akakitoa kile kidole mwenyewe, akarudia.